Redio ya Tata Stanislas

Mgeni yule hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha hifadhi kwa bega, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge, akasimama katikati ya chumba kama msafiri aliyeteremshwa kwenye kituo asichokijua. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, aliyevaa nguo nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni. Vumbi jekundu la barabara ya Kapata lilikuwa limempanda mpaka magotini. Ulikuwa mwezi wa Juni, majira ya ule upepo mkavu unaopasua midomo ya watu wa Kolwezi, na upepo huo uliingia pamoja naye ukazichezea karatasi mezani.

"Njo hapa banachungaka bitu bya zamani?" akauliza.

"Njo hapa, mama," alijibu Jeancy, kijana aliyekaa karibu na dirisha. "Cha zamani kupita byote ni ile feni. Karibu."

Yule mama alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani, kisha akamgeukia msichana aliyekuwa ameinuka kumpisha kiti.

Msichana huyo aliitwa Noëlla. Alikuwa amehitimu masomo ya historia huko Lubumbashi, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini katika maktaba ya chuo kikuu. Yeye na Jeancy, wote wawili kwa mkataba wa muda, walipewa kazi ya kukusanya historia ya Kolwezi na vitongoji vyake: picha, sauti, ramani za mitaa, nyimbo za kwaya. Kila walichokipata walikinakili kwenye kompyuta ili kisipotee tena. Noëlla aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Kolwezi ni mji unaochimbwa. Kilima ulichokichezea utotoni waweza kukikosa ukubwani, na mtaa ulimozaliwa waweza kuamka siku moja ukaambiwa kwamba umelala juu ya madini. Ndiyo maana kila picha iliyoingia katika chumba kile ilimfurahisha kama mtoto aliyepatikana.

"Ikala kwanza, mama," alisema.

"Nikiikala, muguu itakatala kurudia," alijibu yule mama, lakini akakaa, akakifungua kitenge mapajani.

Ndani mlikuwa na redio kubwa ya kaseti, ya zile zilizokuwa fahari ya sebule miaka ile. Mshikio wake ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba, na kitufe kimoja kilikuwa kimetengenezwa kwa kifuniko cha chupa ya bia.

"Mi njo Ernestine. Bwana yangu alikuwa Stanislas, fundi wa umeme wa kampani. Alikufaka mwaka ilipita. Hii redio ilikula kaseti yake, inakatala kuitapika. Fundi wa ku soko alisema aipasue na nyundo. Nikamuambia, pasua kwanza kichwa yako."

Jeancy alicheka kwa sauti. Safari hii Mama Ernestine naye alitabasamu kidogo.

"Ndani ya kaseti iko nini, mama?" Noëlla aliuliza.

"Iko Kapata," alijibu. "Stanislas alipenda sana kukamata sauti. Bantu banakuya kunywa, yeye anatega redio chini ya meza. Bazee bote balisemaka mule: ginsi balitoka ku mugini, ginsi balifika ku kampani. Bengi balishakufa. Na sasa banasema mustari yetu ya manyumba itahamishwa. Nyumba ikienda, na sauti ikienda, batoto batajua ginsi gani kama tuliishi pale?"

Noëlla alisogeza kiti chake karibu. Kwa miezi mingi alikuwa akienda Kapata, ile kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, akipita nyumba kwa nyumba kuomba picha na kumbukumbu, na kila mara alirudi mikono mitupu. Sababu aliijua. Kabla yake walikuwa wamepita watu waliojiita watafiti. Walikusanya picha za harusi na za ubatizo, wakasema watazirudisha zikiwa zimekuzwa na kutiwa fremu. Hawakuonekana tena. Tangu siku hiyo watu wa Kapata waliwafungia milango wote wenye kalamu, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mama Ernestine alikuwa kama amesoma mawazo yake. "Bale balisema kesho," alisema. "Ile kesho yao haiyafika mpaka leo. Donc, basi, mi niko na maneno mbili. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Ya kwanza. Siku ya posho natoka mu kilio." Siku ya posho ndivyo wazee wa kambi walivyozoea kuiita Jumamosi, tangu enzi ambazo kampuni iligawa unga na maharagwe siku hiyo. "Familia ya bwana yangu inakuya kutoka Kasaji. Bitu byote bya marehemu bitawekwa ku mukeka mbele jua haiyasimama ku kichwa. Hii redio iwe pale. Na wewe mwenyewe uilete, na mikono yako. Haina kutuma mutu. Ya pili. Hakuna mutu atasikia sauti ya Stanislas mbele ya bantu ba nyumba yake. Sauti ya mufu inaanzia ku lupango yake, mu nyumba yake."

"Lakini mama, nikiitengeneza lazima niisikilize."

Mama Ernestine aliitazama mikono ya msichana. "Wewe uko sawa na munganga," aliamua. "Munganga anaona mutu uchi, lakini anafunga kinywa."

"Naahidi, mama," Noëlla alisema pale pale. "Nitaileta kwa mikono yangu, na hakuna atakayeisikia kabla yenu."

Mama Ernestine aliugusa mshikio wa redio, akaupapasa ule waya wa shaba kama mtu anayemuaga mtoto anayekwenda shule ya mbali. Kisha akajifunga kitenge kilichobaki kitupu, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mlango ulipofungwa, Jeancy alitikisa kichwa. "Wewe na ahadi zako. Mi uliniahidia bukari na samaki tangu Pasaka. Ahadi zako ni kama mtandao wa simu wa huku: zinakuja, zinapotea, mutu anabaki kusema 'alo, alo' peke yake."

Noëlla aliukumbuka ugali ule, akacheka, lakini maneno yale yalimchoma kama mwiba mdogo usioonekana. Yalikuwa ya kweli. Alikuwa na moyo mwororo, na mwenye moyo mwororo huona uchungu kumwambia mtu hapana. Hivyo alisema ndiyo kwa huyu, ndiyo kwa yule, na ndiyo nyingine zilisahaulika njiani kama kunde zinazodondoka kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Siku mbili zilizofuata aliinama juu ya redio ile kama mshonaji juu ya gauni la bibi harusi. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine. Utepe wa kaseti ulikuwa umejizungusha kwenye gurudumu la mpira, ukakunjamana mithili ya utumbo wa kuku. Aliutoa kwa kibanio, kidogo kidogo, akihema kwa hadhari asije akaukata. Mahali palipokatika alipaunga. Mahali palipokunjamana alipanyoosha kwa ncha ya kidole. Kisha akauzungushia katika kaseti nyingine kwa penseli, akavaa visikizi vya masikioni, akabonyeza kile kifuniko cha bia.

Jeancy alimwona akikaa wima ghafla. Alimwona akifunga macho. Alimwona akitabasamu, halafu akijifuta shavu kwa mgongo wa mkono.

"Nini? Iko nini mule?"

"Mganga hasemi," alijibu Noëlla.

Alinakili sauti yote kwenye kompyuta, akaifungia nakala hiyo kwa neno la siri ambalo yeye na Jeancy peke yao walilijua, kisha akakirudisha kila kitu ndani ya redio kama kilivyokuwa, hata ule waya wa shaba.

Wakati huo maktaba nzima ilikuwa katika pilikapilika. Wageni kutoka chuo kikuu rafiki walitarajiwa siku ya Ijumaa. Wao ndio waliotoa kompyuta na mashine za kunakilia, na sasa walikuwa wanakuja kuona kama kazi inastahili kuendelea. Zaidi ya hayo, wangemchagua mmoja kati ya wale vijana wawili, wampeleke masomoni kwa mwaka mmoja, na akirudi apewe kazi ya kudumu. Mkataba wa yule mwingine ungekwisha mwishoni mwa mwezi. Kila mtu, hata Jeancy mwenyewe, aliamini kwamba atakayechaguliwa ni Noëlla. Maelezo ya kazi aliyaandaa yeye. Mpangilio wa hifadhi aliubuni yeye. Nyumbani, mama yake alikwisha kuanza kuwaambia majirani.

Profesa Mwenze, mkuu wa maktaba, alikuwa mtu mpole aliyezipigania mashine zile kwa miaka mingi ya barua na vikao. Aliposikia kwamba kaseti ya Kapata imepona, macho yake yaling'aa kama shaba iliyosuguliwa.

"Ijumaa tutawaonyesha redio tu, Prof," Noëlla alimwambia. "Sauti yake bado. Nimeahidi kwamba familia itasikia kwanza, Jumamosi."

"Hakuna shida," alisema Profesa. "Redio yenyewe inatosha."

Lakini mipango ya binadamu haifungwi kwa kamba. Ijumaa asubuhi simu iliingia: lori la madini lilikuwa limepinduka na kufunga barabara ya Lubumbashi, na wageni walilala njiani. Wangefika Jumamosi, saa nne asubuhi, na kuondoka baada ya chakula cha mchana.

Noëlla alihesabu siku: Jumamosi ndiyo siku ya mkeka. Hata kabla hajajua la kufanya, simu yake nayo ililia. Alikuwa Mama Ernestine.

"Mutoto yangu, ile redio ilishapona?"

"Imepona, mama. Inaimba."

"Aksanti. Bashemeji balishafika na garimoshi." Sauti ya Mama Ernestine ilishuka, kama mtu anayezungumza akiwa amejificha nyuma ya nyumba. "Kisimba, mukubwa wa bwana yangu, aliuliza redio iko wapi. Nikamuambia iko ku université. Akacheka. Akauliza, université nayo inapenda muziki gani? Anasema kila kitu itakosa ku mukeka, njo kusema bibi ya marehemu aliiuzisha. Kwao ni vile. Kama mukeka inakunjwa na kitu inakosa, bibi anaitwa mwizi mpaka kufa, hata batoto yake. Na kitu ilitoka haiwezi kurudia mbele mukeka haiyatandikwa, kesho saa ine. Donc niambie kweli. Kesho utafika?"

Dirishani palipita msururu wa malori, vioo vikatetemeka. Noëlla alisubiri kelele zipite. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona neno "ndiyo" likiwa na uzito wa gunia la madini.

"Nitafika, mama," alisema.

Profesa Mwenze alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa nyuma, akitembea kati ya rafu.

"Écoute, sikiliza, Noëlla. Mlinzi ana pikipiki. Aipeleke redio. Wewe ubaki, uwasikilizishe wageni ile nakala, dakika mbili tu. Hakuna atakayejua huko Kapata."

"Mimi nitajua, Prof. Halafu niliahidi kwa mikono yangu. Waliochukua picha zao pia waliahidi, na hawakurudi."

"Basi nenda Jumapili, uombe radhi. Ahadi ni deni, najua, nami nilifundishwa hivyo. Lakini hata deni huahirishwa."

"Jumapili mkeka utakuwa umekunjwa."

Profesa alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti ingawa haikuwa na vumbi. "Binti yangu, sitakuzuia. Lakini siwezi kuwaambia wageni waje siku nyingine kwa ajili yako. Watamchagua aliye mbele yao. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Jumamosi asubuhi chumba cha hifadhi kilinukia sabuni na maua. Noëlla alifika mapema, akaiweka diski yenye maelezo yake yote mbele ya Jeancy. Kijana huyo alikuwa amevaa tai iliyomkaba kama mbwa wa tajiri.

"Utaongea wewe," alimwambia. "Kila kitu kimo. Ukifika kwenye picha za kwaya, usikimbie, waache wazitazame."

Jeancy aliitazama diski, kisha akamtazama yeye. "Unajua nitakachokifanya na hii? Nitashinda."

"Najua."

"Mi si mutakatifu, Noëlla. Wakinipa, nitakamata. Kwetu beko wadogo banaongojea karo."

"Ukamate. Hutakuwa umeniibia. Ila ile sauti ya Kapata..."

"Imefungwa," Jeancy alimkatiza. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe, jambo ambalo Noëlla hakuwahi kuliona. "Hata wakinipigia magoti. Nakuahidia."

Noëlla aliifunga redio kwa kitenge chake mwenyewe, akaibeba kifuani kama akina mama wanavyobeba watoto wachanga siku ya baridi, akapanda pikipiki ya abiria. Walipokuwa wakitoka langoni, gari jeupe la wageni lilikuwa linaingia. Aliona mkono ukipunga kutoka dirishani. Alipunga pia, akaikaza redio kifuani.

Njiani bahati iliwakimbia. Karibu na njia ya kwenda mgodini waliukuta msafara wa malori umesimama, mrefu kuliko macho yanavyoweza kufika, na pembeni wachimbaji vijana walikuwa wamejaza barabara na baiskeli zao zenye magunia. Pikipiki haikupata hata upenyo wa kupitisha mguu. Noëlla aliliangalia jua. Lilikuwa limepanda. Alimshukuru dereva, akashuka, akaendelea kwa miguu, akipita kati ya matairi yaliyomzidi kimo. Vumbi lilimfunika nywele, kope na midomo. Redio ilikuwa nzito na kona zake zilimchoma mbavuni, lakini hakuitua. Wachimbaji walimtania. "Mama, ule mutoto analia nini, unamukumbatia vile?" mmoja alimpigia kelele. Mwingine akajibu: "Halii, banamunyonyesha cobalt." Noëlla alicheka bila kupunguza mwendo.

Kapata ni nyumba zilizofanana, mstari baada ya mstari, kuta zao zikikumbuka rangi ya kampuni kwa mabaka mabaka tu. Uani kwa Mama Ernestine watu walikuwa wamekaa kwa kuzunguka mkeka mpana. Juu yake vilipangwa vitu vya marehemu: kofia ngumu ya kazi, viatu vya mgodini, suti moja, baiskeli iliyolazwa, koleo, Biblia isiyo na jalada. Mama Ernestine alikaa chini upande mmoja, ndani ya nguo zake nyeusi, macho yake kwenye kofia ile. Aliyesimama ni Tata Kisimba, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mwenye mwili wa gogo na sauti ya kanisa.

"Bitu biko," alikuwa anasema. "Kofia iko. Kinga yake, hii baiskeli, iko. Mi nahesabu na macho, si na kinywa. Paka redio tu njo inakosa. Shemeji, ile redio uliikula na bukari ao na mikate?"

Watu wa upande wake walicheka chinichini. Mtoto mkubwa wa Mama Ernestine alitaka kuinuka, mama yake akamzuia kwa mkono.

"Jua iko ku kichwa," Tata Kisimba aliendelea. "Mi narudia Kasaji Jumatano, redio ao hapana. Tukunje mukeka."

"Hodi," ilisema sauti kutoka kwenye uzio.

Wote waligeuka. Aliyesimama pale alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama mtu aliyetoka kuchimbwa wakati huo huo. Mama Ernestine peke yake ndiye aliyemtambua. Alifunika mdomo kwa viganja vyake viwili.

Noëlla alivua viatu. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti, akakifungua kitenge, akaiweka redio juu ya mkeka kwa mikono yake miwili, kati ya kofia na Biblia.

"Natoka maktaba ya chuo kikuu, tata," alisema akihema. "Tuliazimwa. Tumerudisha."

Tata Kisimba aliinama polepole, mifupa ya magoti ikialika. Aliugusa waya wa shaba. Aliugeuza ule mtambo huku na huko, mpaka kidole chake kikafika kwenye kile kifuniko cha bia, kikatua hapo.

"Njo yenyewe," alisema, na sauti yake ya kanisa ilikuwa imepungua. "Hii chupa mi njo niliikunywa. Stanislas akaniambia, yaya, mukubwa yangu, acha kifuniko, ile ni mali."

"Inasema, tata. Naweza?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Noëlla alimtazama Mama Ernestine, naye akaitikia. Akabonyeza.

Kwanza palikuwa na mkwaruzo. Kisha king'ora kikaanza. Kilianzia chini, kikapanda, kikajaza ua wote, kikavuka uzio: kile king'ora cha kampuni kilichowaamsha, kilichowapeleka mgodini na kuwarudisha, na ambacho Kapata haikukisikia tena kwa miaka mingi. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia alisimama wima na kulinyoosha shati lake. Mwingine aliutazama mkono wake usio na saa. Nyuma ya nyumba mama mmoja alisikika akisema, "Yoo, na maji haiyachemka," kisha akajisikia mwenyewe, akanyamaza. Hakuna aliyecheka. King'ora kilishuka, kikafa, na sauti ya mwanamume ikasema:

"Mi njo Stanislas, fundi wa umeme, Kapata. Siku moja batasema hii siren ilinyamaza. Bongo, banadanganya. Mi nimeifunga mu hii sanduku. Sasa nataka kuongea ginsi tulifika hapa..."

Nyuma ya sauti hiyo, kwa mbali, mwanamke kijana alifoka: "Stanislas, acha ile kintu. Bukari inapoa."

"Munasikia?" ilisema sauti ya marehemu, ikicheka. "Ile njo siren ya pili. Na ile haina wa kuizima."

Kicheko kilipasuka uani kama mvua ya kwanza juu ya bati. Tata Kisimba alicheka mpaka akashika kiuno. Na Mama Ernestine, ambaye kwa mwaka mzima hakuonyesha meno, alicheka huku machozi yakimtiririka, akiutazama ule mtambo na kuuambia, "Ulikuwa mushenzi, bwana yangu. Ulikuwa mushenzi sana." Dada zake walimsogelea, wakamfungua kitambaa cheusi kichwani, na maneno ya kumtoa kilio yakasubiri, kwa sababu Stanislas alikuwa bado anazungumza.

Walisikiliza mpaka upande wa kwanza ukaisha. Kila sauti mpya ilipoingia, mtu alimtaja mwenyewe: huyu baba yake fulani, yule mchezaji wa mpira, huyu aliyekufa kule chini ya ardhi. Noëlla alikaa pembeni akiyaweka majina yale moyoni. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Jeancy.

"Mashine zinabaki. Wamenichagua mimi. Niliwaambia kazi ni yako, wakasema wanakusifu lakini walitaka kukuona. Sauti sikuifungua. Ile bukari ya Pasaka, sasa mi njo nitainunua."

Aliusoma mara ya pili. Alimfikiria mama yake na wale majirani. Aliyaacha mawazo hayo yapite taratibu, kama unavyoliacha lori kubwa lipite barabarani. Kisha akaifunga simu.

Alipoaga, Tata Kisimba alimfuata mpaka kwenye uzio. Aliingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa picha iliyochakaa kwenye pembe: vijana wawili juu ya nguzo ya umeme, mmoja akiwa ameshika koleo, wote wawili wakicheka. Mmoja alikuwa Stanislas.

"Na hii weka kule," alisema. "Mu ile mashine yenu."

Noëlla alisubiri lile swali ambalo watu wa Kapata humwuliza kila mwenye kalamu: itarudi lini? Mzee hakuuliza. Alimwekea picha kiganjani, akavikunja vidole vya msichana juu yake, akageuka kurudi kwenye redio.

Ile "ndiyo" ya haraka ilimjia Noëlla ulimini, kama ilivyozoea. Aliizuia. Alifikiri kwanza siku zilizobaki kabla ya mkataba wake kwisha, akafikiri garimoshi la Kasaji linaondoka lini, akahakikisha kwamba inawezekana. Ndipo akamwita.

"Tata. Jumatano, stesheni, kabla hujapanda. Nitaileta mwenyewe."

Mzee aliinua mkono bila kugeuka.

Alasiri ile Noëlla alitoka Kapata akiwa hana kazi ya kutumainia, amelipa deni moja na kubeba jingine kifuani, ndani ya kitenge kilichojaa vumbi. Na alitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai, maana uzito wake sasa aliujua: ahadi ni deni.